Leza ya kupima moshi wa boila ya makapi ya chikichi: namna ya kuifunga na kuifanya iongoze hewa

Kiwanda cha mawese chenye boila iliyotunzwa hakihitaji kununua kuni. Makapi yanayotoka kwenye kinu pamoja na maganda ya mise (kokwa za chikichi) yanatosha kutoa mvuke wa kupikia mikungu. Shida ni kwamba kuni hizi hazina tabia moja. Makapi yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi yana unyevu wa asilimia 35 hadi 40. Maganda ya mise yaliyokaa kivulini yana 10 hadi 15 tu. Beleshi moja likiwa na maganda mengi, tanuri linadai hewa zaidi papo hapo. Beleshi la pili likiwa na makapi mabichi, hewa ileile inalipoza tanuri. Mchochezi mzoefu husoma rangi ya moshi, na ujuzi huo una thamani kubwa, lakini moshi ukishakuwa mweusi juu ya dohani kuni zimekwisha kupotea. Isitoshe, kaboni monoksidi, ambayo ndiyo dalili ya kwanza ya moto kukosa hewa, haina rangi wala harufu.

Mwongozo huu ni wa fundi au injinia anayesimamia boila ya tani 2 hadi 6 za mvuke kwa saa, iwe Kigoma mjini, Uvinza au Kasulu, na anayetaka kufunga kihisi cha leza kwenye njia ya moshi ili feni zifuate moto badala ya kubahatisha. Kwa boila isiyofika tani 1, au kwa bani la kukaushia tumbaku kule Urambo na Kaliua, usinunue leza. Gharama yake haitarudi. Huko kipimo cha mkononi kinachotumika mara mbili kwa wiki kinatosha.

Leza inapima nini

Kila gesi hufyonza mwanga wa urefu wa wimbi maalumu, na katika urefu huo kuna mistari myembamba sana ambako ufyonzaji ni mkali. Leza ndogo ya daiodi hurushwa kutoka upande mmoja wa njia ya moshi hadi kwa mpokezi aliye upande wa pili. Mkondo wa umeme wa leza unapopandishwa na kushushwa, rangi yake inahama kidogo tu, inapita juu ya mstari wa gesi na kurudi, mara nyingi kila sekunde. Mpokezi anaona mwanga ukizama pale penye mstari, na ukubwa wa shimo hilo ndio kiasi cha gesi.

Vumbi halimchanganyi mpokezi kwa sababu hii: anayesimama ufukweni usiku akitazama taa za wavuvi wa dagaa, ukungu ukishuka ziwani taa zote hufifia kwa pamoja. Ikififia taa moja peke yake, si ukungu. Majivu na masizi hupunguza mwanga wote sawasawa, gesi hung'ata mahali pamoja tu. Chombo kinagawanya kimoja kwa kingine, na vumbi linaondoka kwenye hesabu, almradi kuna mwanga wa kutosha unaofika.

Ronald Hanson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuwa wakipima gesi za mwako kwa leza za namna hii tangu miaka ya 1970. Zilizozifikisha viwandani ni leza za mawasiliano ya nyaya za mwanga, ambazo zilifanya daiodi ziwe imara na zipatikane kirahisi.

Hatua ya 1: Amua gesi ya kupima

Oksijeni hupimwa karibu na nanomita 760. Kaboni monoksidi ina mistari dhaifu karibu na mikroni 1.57, mizuri zaidi karibu na mikroni 2.33, na mikali kabisa karibu na 4.6. Kwa moshi wa makapi chagua 2.33. Ile ya 1.57 inabanwa na mistari ya kaboni dayoksidi na inataka njia ndefu ya mita kadhaa. Kwenye 2.33, ppm 500 (sehemu 500 katika kila milioni) za kaboni monoksidi katika moshi wa nyuzi 220 na njia ya mita 0.8 hufyonza takribani asilimia 1 ya mwanga kwenye kilele cha mstari. Kinaonekana kidogo, lakini chombo kizuri hukisoma bila taabu.

Wauzaji watakuambia ununue leza mbili, ya oksijeni na ya kaboni monoksidi. Ushauri wetu kwa Kigoma ni tofauti: nunua leza ya kaboni monoksidi, na oksijeni ipime kwa kihisi cha zirkonia (aina ya kauri) kinachochomekwa ndani ya njia ya moshi. Sababu iko kwenye hewa ya kusafishia vioo.

Vioo vya leza lazima vipulizwe hewa muda wote, la sivyo masizi yanavifunika. Hewa hiyo inajaza vibomba viwili vinavyobeba leza na mpokezi, na mwanga unapita humo. Hewa haina kaboni monoksidi, kwa hiyo haiharibu kipimo. Lakini ina oksijeni asilimia 20.9. Chukua njia ya moshi ya mita 0.8 yenye oksijeni asilimia 6 kwa nyuzi 220, na vibomba viwili vya mita 0.2 kila kimoja vyenye hewa ya nyuzi 35. Gesi baridi imebanana zaidi, kwa hiyo gawanya kwa joto la Kelvini (nyuzi ukijumlisha 273). Vibomba vinatoa 20.9 × 0.4 ÷ 308, yaani 0.027. Moshi unatoa 6 × 0.8 ÷ 493, yaani 0.0097. Hewa ya vibomba inafyonza mwanga karibu mara 3 ya moshi unaotaka kuupima! Dawa yake ni kupuliza naitrojeni, na kwa lita 10 kwa dakika kila upande utatumia mita za ujazo 1.2 kwa saa. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa bari 200 una kama mita za ujazo 10. Hautamaliza zamu mbili.

Mwenye mashine ya kutenga naitrojeni kutoka hewani anaweza kuendelea na leza ya oksijeni, ila usafi usipungue asilimia 99.5 na vibomba visizidi milimita 100. Naitrojeni ya asilimia 98 kwenye mfano wa juu bado inaongeza zaidi ya robo ya kipimo.

Zirkonia ina mapungufu yake. Huchomwa hadi nyuzi 700 na zaidi ili ifanye kazi, kwa hiyo moshi wenye gesi nyingi zisizoungua unaweza kushika moto kwenye ncha yake, na gesi zinazoungulia hapo hula oksijeni kidogo kabla haijapimwa. Kwa ppm 1,000 za kaboni monoksidi kosa ni asilimia 0.05 ya oksijeni, lipuuze. Unapowasha boila iliyolala, pitisha hewa safi kwanza kabla ya kuwasha hita ya zirkonia.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Mahali pazuri ni baada ya moshi kutoka kwenye mirija ya boila na kabla ya saikloni ya kukusanya majivu. Ukienda mbali zaidi moshi unakuwa msafi, lakini njia yote ya upande huu wa feni ya kuvuta iko chini ya shinikizo la nje, na kila ufa unaingiza hewa. Hewa hiyo haijapita kwenye moto ila kihisi cha oksijeni hakijui. Ufa unaopandisha oksijeni kutoka asilimia 6 hadi 9 unapunguza kaboni monoksidi kwa moja ya tano tu, 500 ikawa 400. Ndiyo faida nyingine ya leza ya kaboni monoksidi: uvujaji unaoilaghai oksijeni kabisa, yenyewe unaitikisa kidogo.

Kabla ya kununua chochote, pima uvujaji. Chukua kipimo cha mkononi, soma oksijeni kwenye tundu la kutokea tanuri, kisha pale unapotaka kufunga leza, dakika hiyohiyo. Tofauti ikizidi asilimia 1, tafuta ufa. Washa kijiti cha udi na upitishe polepole kwenye milango ya kusafishia, kwenye maungio na kwenye shimo la kutolea majivu. Moshi wa udi unaopanda wima unapofika penye ufa hulala ghafla na kumezwa ndani. Ziba kwa kamba ya kuzuia moto na saruji ya tanuri, siyo kwa silikoni ya dukani, ambayo huungua wiki ya kwanza.

Panapochaguliwa pawe na sehemu iliyonyooka, kama vipenyo 3 kabla ya kihisi na 2 baada yake. Leza husoma wastani wa njia nzima kwa hiyo inavumilia msukosuko kuliko zirkonia inayosoma nukta moja.

Hatua ya 3: Flenji

Flenji, yaani kola za chuma za kufungia chombo, za kawaida kwa kazi hii ni DN50 (za bomba la milimita 50 hivi), zenye matundu 4 ya boliti. Kosa kubwa la wachomeleaji ni kuchomelea upande mmoja, kisha kuzunguka na kukisia wa pili. Nyuzi 1 tu ya mwinuko kwa mita 1 inakosesha shabaha kwa milimita 17, na skrubu za kulengea zina uwezo mdogo wa kurekebisha.

Fanya hivi. Chora mstari wa kati pande zote mbili kwa pimamaji na timazi. Kata matundu. Pitisha bomba moja refu lililonyooka kupitia matundu yote mawili, lenye kipenyo cha nje kinachokaa vizuri ndani ya vibomba vya flenji, kisha visha flenji zote mbili juu ya bomba hilo. Shika kwa nukta nne za kuchomelea, angalia kama bomba bado linazunguka kwa mkono, ndipo uchomelee mzunguko mzima kwa vipande vifupi vinavyopishana pande. Bomba likikwama, joto limevuta flenji: simama, gonga, acha ipoe. Toa bomba mwishoni kabisa.

Kila flenji ifuatwe na valvu ya tufe (ball valve) ya inchi 2 yenye tundu kamili. Usiiache kwa sababu ya gharama. Umeme ukikatika, feni ya kuvuta inasimama, moshi unarudi nyuma na kuingia kwenye vibomba, na kipulizio cha vioo nacho, kisipokuwa na umeme wa akiba, kimezimika. Ndani ya dakika chache vioo vinapakwa masizi yenye lami ambayo hayatoki kirahisi. Mchochezi aelekezwe: umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kufunga valvu hizo mbili. Bandika maandishi ukutani, na mishikio uipake rangi nyekundu.

Weka pia bati la kukinga joto kati ya boila na sanduku la leza. Vifaa vingi havitaki mazingira yanayozidi nyuzi 55, na rangi ya leza huhama kwa sehemu ya kumi au mbili za nanomita kwa kila nyuzi 1. Kipozeo kilicho ndani hurekebisha hilo hadi kinapozidiwa; kikizidiwa, leza inaacha kabisa mstari wake na kusoma sifuri tulivu inayofurahisha macho.

Hatua ya 4: Namba tatu ambazo chombo hakizijui

Leza inahesabu molekuli zilizo njiani. Haijui njia ina urefu gani, gesi ina joto gani wala shinikizo ni kiasi gani. Wewe ndiye unayeiambia, na vipimo vingi vibovu tulivyowahi kuvifuatilia viliishia kwenye moja ya namba hizi tatu, wala si kwenye leza.

Urefu wa njia ni kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani, pale gesi inapopita. Fundi akipima flenji hadi flenji na kuandika mita 1.2 badala ya 0.8, ppm 600 za kweli zitaonekana 400, na mwaka mzima watu watafurahia moto mzuri ambao haupo. Kama ukuta una matofali ya moto, pima baada ya matofali.

Joto lipimwe na thamokapo (waya wa kupimia joto) ya aina K iliyochomekwa angalau theluthi ya upana wa njia, karibu na mwanga lakini isiukate. Ishara yake iingie moja kwa moja kwenye chombo. Usiandike joto la kudumu. Ukiandika 220 na moshi ukapanda hadi 260, kipimo kinashuka kwa asilimia 7 hadi 8 kwa sababu ya msongamano tu, kabla hujagusa badiliko la nguvu ya mstari wenyewe.

Shinikizo ndipo Kigoma na Tabora zinapotofautiana na vitabu. Chombo hutoka kiwandani kikiwa na kilopaskali 101.3, yaani usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushee juu ya bahari, na shinikizo ufukweni Kigoma ni karibu kilopaskali 92. Tabora, karibu mita 1,200, ni kama 88. Chombo kinachopima eneo la mstari (shimo zima, si kina chake tu), ukikiacha na 101.3 hapa Kigoma, kitasoma pungufu kwa asilimia 9. Tabora pungufu kwa 13. Na angalia mtego: programu ya hali ya hewa kwenye simu huonyesha shinikizo lililorudishwa usawa wa bahari, kwa hiyo itakuambia karibu hektopaskali 1,013 (kilopaskali 101.3) hata ukiwa juu ya mlima. Tumia baromita inayosoma shinikizo la mahali ulipo. Simu nyingi zenye kihisi cha shinikizo zinaweza kulitoa, ila kwa programu inayosoma kihisi chenyewe, si ya utabiri.

Ndani ya njia ya moshi shinikizo liko chini ya la nje kwa milimita chache za maji. Hizo hazina uzito hapa.

Hatua ya 5: Kulenga

Lenga mara ya kwanza boila ikiwa baridi. Legeza skrubu za upande wa leza, zungusha polepole hadi mwanga wa mpokezi ufike kilele, upite kidogo, urudi. Fanya hivyohivyo upande wa mpokezi. Andika asilimia ya mwanga.

Rudia boila ikiwa na moto kamili kwa saa 2. Chuma cha mita 1 kinachopata joto la nyuzi 200 zaidi hurefuka milimita 2.4, na njia ya moshi haivimbi sawa pande zote. Mara nyingi mwanga uliokuwa 95 unakuta umeshuka 60 bila vumbi lolote.

Mwanga wa mikroni 2.33 hauonekani. Usichungulie kwenye kibomba hata kama sanduku limeandikwa daraja la 1, na usitumie lenzi. Zima leza, funga valvu, vaa glovu, kisha fungua.

Hatua ya 6: Hakiki kabla ya kuamini

Vua kichwa cha leza na mpokezi, vifunge kwenye seli ya kukagulia, yaani bomba lenye urefu unaojulikana. Mfano ni seli ya mita 0.4 yenye gesi ya mtungi ya ppm 1,000 za kaboni monoksidi ndani ya naitrojeni. Zidisha: 1,000 × 0.4 ni 400. Chombo kilichowekewa njia ya mita 0.8 na joto la hapo ulipo kinapaswa kusoma 500. Fanya kazi hii nje, kwenye upepo, kipimo cha kaboni monoksidi kikiwa kifuani mwako. Mtungi huu unaua.

Zirkonia hakiki kwa hewa, lakini usiilazimishe isome 20.9. Hewa ya Kigoma ya nyuzi 28 yenye unyevunyevu wa asilimia 70 ina mvuke karibu asilimia 3, kwa hiyo oksijeni yake halisi ni 20.3. Tumia hewa iliyokaushwa, au kubali 20.3.

Jambo hilohilo la unyevu limewagombanisha mafundi wengi. Leza na zirkonia hupima moshi kama ulivyo, na mvuke wake. Kipimo cha mkononi hupoza moshi na kuutoa maji kwanza. Moshi wa makapi una mvuke kama asilimia 18, kwa hiyo zirkonia ikisoma 7, kipimo cha mkononi kitasoma 7 ÷ 0.82, yaani 8.5. Vyombo vyote viwili viko sahihi. Usiguse skrubu.

Hatua ya 7: Ishara na umeme

Kaboni monoksidi iwekwe kipimo cha 0 hadi 2,000 ppm na oksijeni 0 hadi 25, zote kwa ishara ya umeme ya miliampia 4 hadi 20. Ppm 500 ni miliampia 8. Oksijeni asilimia 6 ni 7.84. Piga namba hizi kwa mita kwenye kituo cha PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine) huku mwenzako akisoma skrini. Hitilafu yoyote ya chombo ishushe ishara hadi 3.6. Isibaki ilipokuwa.

Tumia UPS (betri ya umeme wa akiba) ya aina inayolisha muda wote, na kipulizio cha vioo nacho kiwe juu yake. Kigoma ina radi nyingi msimu wa mvua, kwa hiyo weka kizuia radi kwenye pande zote mbili za waya wa ishara na uunganishe sanduku na udongo mmoja na PLC.

Hatua ya 8: Tafuta goti

Kabla ya kuruhusu chombo kiongoze, lazima ujue moto wako unataka nini. Chagua saa ambayo mzigo wa mvuke ni tulivu, mikungu ikiwa inapikwa. Changanya kuni vizuri. Anza na hewa nyingi, kisha punguza feni ya kusukuma hadi oksijeni ishuke kwa nusu asilimia, ngoja dakika 10, andika wastani wa dakika 5 za mwisho. Feni ya kuvuta ifuate ili tanuri libaki milimita 2 hadi 5 za maji chini ya sifuri.

Umbo utakaloliona ni hili, kwa namba za mfano: oksijeni 9, kaboni monoksidi 310; 8, 220; 7, 180; 6.5, 190; 6, 260; 5.5, 610; 5, zaidi ya 1,400. Upande wa kulia wa orodha hiyo, mstari unapojikunja kama goti kati ya 6 na 5.5, hewa imeanza kukosekana. Upande wa kushoto nako kaboni monoksidi inapanda, kwa sababu hewa nyingi imepoza tanuri na gesi zinakimbia kabla hazijaungua. Wengi hawaijui ncha hii ya pili, nasi tutairudia.

Weka lengo kama asilimia 1 juu ya goti, hapa 7. Rudia jaribio kwa makapi mabichi na kwa mchanganyiko wenye maganda mengi, na uchukue lengo la juu zaidi. Boila iliyokuwa ikienda kwa oksijeni kavu ya 11 ina hewa ya ziada asilimia 111. Ikishuka hadi 8 ina 62. Moshi unaobeba joto kwenda nje unapungua kwa zaidi ya moja ya tano.

Hatua ya 9: Mkabidhi feni

Hewa ya msingi ifuate mzigo, kwa jedwali: mvuke kiasi hiki, feni kasi hii. Kihisi kirekebishe tu juu ya jedwali hilo, na kisiruhusiwe kuisogeza feni zaidi ya asilimia 15 juu au chini. Mzigo ukipanda, hewa itangulie kuni. Ukishuka, kuni zitangulie hewa.

Ili kupata kasi ya urekebishaji, pandisha feni kwa asilimia 5 na uhesabu sekunde hadi oksijeni itulie. Ikichukua sekunde 30, weka muda wa kulimbikiza kosa (integral time) wa kidhibiti sekunde 90 hadi 120, na kosa la asilimia 1 ya oksijeni lisogeze feni kwa 2 au 3 tu. Ukiwa na haraka hapa, feni itapanda na kushuka kama mawimbi usiku kucha.

Kisha weka sheria ya kaboni monoksidi: ikizidi ppm 800 kwa sekunde 15, pandisha lengo la oksijeni kwa 0.3 kila dakika hadi itulie, halafu lirudishe polepole, 0.1 kwa dakika 5. Sheria hii ifanye kazi pale tu oksijeni iko chini ya 8. Ikiwa juu ya hapo, tanuri limepoa au kuni ni mbichi, na kuongeza hewa kutazidisha ubaya: kaboni monoksidi inapanda, hewa inaongezwa, tanuri linapoa zaidi, inapanda tena. Juu ya 8 toa kengele tu, mchochezi aangalie kuni.

Boila inayolishwa kwa mkono inahitaji swichi kwenye mlango. Kila mlango unapofunguliwa oksijeni inaruka kutoka 7 hadi 14, na kidhibiti kisicho na habari kitaipunguza feni wakati uleule ambao beleshi la makapi linataka hewa. Mlango ukifunguka, kidhibiti kigande, na kibaki hivyo sekunde 30 baada ya kufungwa.

Ishara ikishuka chini ya miliampia 3.8, au mwanga ukishuka chini ya asilimia 10, urekebishaji uache na feni irudi kwenye jedwali ikiongezewa asilimia 10. Na leza isiwe kamwe badala ya kinga za boila: valvu ya usalama, swichi ya maji kushuka na kikomo cha shinikizo vibaki na nyaya zake zenyewe.

Yanayoharibika mara kwa mara

Mwanga unashuka taratibu kwa siku nyingi: vioo vichafu. Safisha kwa karatasi ya lenzi na spiriti safi ya isopropili, kutoka katikati kwenda nje. Kipande cha kanga kinakwaruza. Ukishuka tena ndani ya wiki, kipulizio hakitoshi au kinaleta mafuta kutoka kwenye kompresa. Shika karatasi nyeupe mbele ya mdomo wa hewa kwa dakika 5 uone doa.

Mwanga unashuka ghafla wakati wa kukung'uta masizi kwenye mirija: ni kawaida, gandisha kidhibiti dakika hizo.

Kipimo kinapanda na kushuka kwa utaratibu, bila kufuata moto, hasa jua linapopiga sanduku: mwanga unarudirudi kati ya vioo viwili vilivyo sambamba. Legeza kioo kimoja, kiinamishe kidogo, lenga upya.

Kaboni monoksidi sifuri kwa saa nzima: usishangilie. Fungua ukurasa wa mwanga na wa mstari. Boila ya makapi haifiki sifuri.

Leza na zirkonia zote zinasema moto mzuri lakini maganda yanaisha haraka: pima tena uvujaji kwa udi, kisha uangalie unyevu wa makapi. Kuyatandaza juani siku 2 kabla ya kuyachoma kunasaidia moto kuliko marekebisho mengi ya feni, na mvua za Novemba zikianza yahitaji paa.

Kila Jumatatu andika daftarini asilimia ya mwanga, joto, shinikizo la baromita, oksijeni na kaboni monoksidi kwa mzigo uleule. Kila miezi 3 rudia seli ya kukagulia. Stoo iwe na jozi moja ya vioo, gasketi 4, thamokapo 1 na fyuzi. Vioo ndivyo vinavyochelewa kufika.